TULING'OE, TUSILIFYEKE



Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wetu ni ule mmea wenye maua madogo meupe uliojaa kando ya uwanja wa kandanda, na hata njiani tunapopita kutoka Njoro mjini. Majani yake yanafanana na ya karoti, ndiyo maana wenzetu wa Arusha huuita gugu karoti. Wataalamu huuita Parthenium.

Gugu hili si la kwetu. Asili yake ni nchi zinazozunguka Ghuba ya Meksiko, na hapa Kenya limejulikana tangu miaka ya 1970. Ni jamaa ya ambrosia, gugu linalowapigisha watu chafya kila mwaka huko Marekani na Ulaya. Chavua yake huamsha pumu, na kuligusa huleta upele. Ng'ombe akilila, maziwa yake huwa machungu. Mwaka 2010 serikali yetu ililitangaza rasmi kuwa gugu baya, na sheria humtaka mwenye ardhi aliondoe.

Je, sisi tunafanyaje? Mwanafunzi akichelewa, anatumwa kulifyeka! Muhula uliopita nililifyeka kwa mikono mitupu. Usiku mikono iliniwasha hadi nikakosa usingizi. Mwenzangu mwenye pumu alikohoa mpaka tukaogopa. Na faida ilikuwa gani? Mashina yalichipuka tena. Isitoshe, mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, na ukifyekwa umeshakomaa, mbegu hizo zinamwagika pale pale.

Najua wengine watasema, "Huyu anataka tu kukwepa adhabu." La hasha! Kazi siikatai, ila ifanywe ipasavyo. Gugu ling'olewe na mizizi yake mvua ikishanyesha, kabla halijatoa maua. Tuvae glavu, au hata mifuko mikononi, na mashati ya mikono mirefu. Wenye pumu wapewe kazi nyingine. Kisha tupande nyasi mahali hapo, kwa maana gugu hili hupenda udongo ulioachwa wazi.

Tena isiwe kazi ya waliochelewa peke yao. Chavua ikipeperuka haichagui aliyewahi wala aliyechelewa, mwalimu wala mwanafunzi. Tutenge alasiri moja kila muhula, tutoke sote. Mimi siku hiyo sitachelewa.