Mnunuzi Akikuomba Pesa, Huyo Si Mnunuzi

Huenda tangazo hili limekufikia kwenye simu: "Una sarafu ya zamani ya Kenya? Tunainunua kwa mamilioni!" Picha ni ya ile shilingi 40 ya mwaka 2003, ama ya senti kumi ya kikoloni yenye tundu katikati. Ukipiga, unaambiwa una bahati sana, ila utume kwanza ada ya usajili. Ukituma, kuna ada ya cheti. Baada ya cheti, kuna ada ya usafiri. Mwisho wa siku simu haishikwi.

Msimamo wetu kama kampuni inayobeba pesa zako ni mmoja: mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi.

Tunaelewa kwa nini watu wanaingia. Sarafu za mamilioni zipo kweli. Mwezi Januari 2021 huko Marekani, sarafu moja ya dhahabu ya dola 10, iliyoandikwa mwaka 1804, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 5.28. Na historia ya sarafu hiyo inafika mpaka kwetu Afrika Mashariki, kwa hivyo tuisimulie vizuri.

Mwaka 1833, Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Kumshukuru, serikali ya Marekani iliagiza seti maalum ya sarafu zake, zilizochapwa kwa uangalifu mkubwa mpaka uso uking'aa kama kioo. Mjumbe Edmund Roberts alizifikisha Muscat mwaka 1835. Seti nyingine ilipelekwa kwa mfalme wa Siam, ambayo leo ni Thailand. Ndani ya seti hizo kulikuwa na sarafu ya dhahabu ya dola 10 ya aina hii. Inaaminika zilichapwa nne tu.

Sasa sikiza hapa. Mchoro wa sarafu hiyo ni wa Robert Scot, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Marekani kuanzia 1793. Scot alifariki 1823. Sarafu zenyewe zilichapwa 1834, yeye akiwa kaburini miaka 11. Ziliandikwa 1804 kwa sababu huo ndio mwaka wa mwisho ambao sarafu za dola 10 zilikuwa zimetengenezwa.

Kwa hivyo sarafu inasema 1804, na ni ya 1834. Wataalamu wanaitambua kwa kitu kidogo sana: kwenye sarafu zilizochapwa 1804 kwenyewe, mkono wa tarakimu 4 una kimstari mwishoni. Kwenye hizi za zawadi, hakuna.

Seyyid Said hakuchezwa. Dhahabu ilikuwa dhahabu. Hata zile riale za Maria Theresa zilizotumika sana Zanzibar wakati huo ziliandikwa 1780 zote, ingawa ziliendelea kuchapwa miaka mingi baadaye. Lakini ona funzo lake: maneno yaliyo juu ya sarafu hayatoshi. Kinachoifanya moja iuzwe kwa mamilioni ni kumbukumbu, yaani inajulikana ilichapwa lini, kwa nini, ngapi, na imepitia mikono ya nani.

Shilingi 40 yako haina hadithi hiyo. Ilitolewa kwa wingi kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, na ukienda nayo dukani Kibuye, ni shilingi 40. Ukiona mtandaoni mtu ameiandikia bei ya laki tano, hiyo ni bei anayotamani. Uliza kama kuna aliyelipa.

Wengine watasema, "Elfu moja si kitu, wacha nijaribu bahati." Kwa mama anayeuza omena Dunga, elfu moja ni mtaji wa kesho asubuhi. Na hawa watu hawaishii kwa elfu moja. Ukishatuma ya kwanza, unatuma ya pili ili ile ya kwanza isipotee. Hapo ndipo wanapokushika.

Kumbuka pia kwamba funzo la sarafu ndilo la meseji. Mtu anaweza kukutumia meseji inayosema umelipwa, yenye jina, kiasi na saa, kila kitu. Maandishi yanaweza kusema chochote. Salio lako ndilo kumbukumbu. Kabla hujatoa samaki kwenye beseni, angalia salio. Mteja mwaminifu atangoja hiyo dakika moja.

Kama kweli una sarafu ya zamani nyumbani, labda ya babu ama nyanya, fanya hivi:

Usiisugue wala kuipaka dawa ya kung'arisha, maana kusafisha hushusha thamani. Piga picha pande zote mbili. Tafuta sarafu kama hiyo iliuzwa kwa ngapi, si inatangazwa kwa ngapi. Usiiachilie kabla pesa haijaingia. Na usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akisema anataka "kukuingizia" mamilioni.

Kama umeshatuma ada, piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja. Usione haya. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya aliyepokea, kuna la kufanya. Ikishatolewa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu. Ripoti pia polisi, ukiwa na meseji zote za malipo. Usizifute.

Na ukipata lile tangazo kwenye grupu la familia ama la chama, usilipitishe tu. Waulize swali moja: nani anamlipa nani?