Usiniambie "kwetu ni kawaida"

Jamani wadau, ubishi wa jana bwenini umeninyima usingizi, acha niumalizie hapa. Jamaa mmoja kashikilia kwamba Cavani alionewa. Mwenzake anadai neno la rangi ni neno la rangi tu, adhabu ifuate. Mimi nasema wote wawili wamechemsha, na sababu ninazo.

Tuanze na Cavani. Novemba 2020, akiwa Manchester United, alimjibu rafiki yake Instagram, "Gracias negrito". FA ikamfungia mechi 3 na kumpiga faini ya pauni 100,000. Wataalamu wa lugha wa Uruguay wakaja juu: kwao hilo ni neno la mapenzi, hata mtu mweupe anaitwa hivyo. Hapo nawaunga mkono. FA walisoma Kihispania kwa miwani ya Kiingereza.

Sasa rudi nyuma hadi Oktoba 2011, pale Anfield. Suárez, Mruguayi vilevile, alimwita Evra "negro", akajitetea vilevile kwamba kwao ni kawaida. Akala mechi 8 na faini ya pauni 40,000. Safi kabisa! Evra hakuwa rafiki yake, na walikuwa katikati ya ugomvi. Mwenye nia ya kuudhi hawezi kujificha nyuma ya bibi yake aliyemwita mtu hivyo kwa upendo. Kamusi ni ileile, kinachobadilika ni nani anamwambia nani, na kwa nini.

"Haya, na kama hakuna ugomvi wowote?" Twende Paris, 8 Desemba 2020, PSG na Başakşehir. Mwamuzi wa akiba, Mromania, alimwonyesha kwa mwenzake kocha msaidizi Pierre Webó kwa kusema "negru". Kiromania hilo si tusi, ni "mweusi" tu. Lakini Demba Ba akamuuliza swali ambalo mpaka leo sijasikia jibu lake: mzungu humwiti "yule mweupe", kwa nini huyu awe "yule mweusi"? Timu zote zikatoka uwanjani, mechi ikamaliziwa kesho yake.

Na wapo wasio na hata kisingizio cha lugha. Aprili 2004 Ron Atkinson wa ITV alidhani kipaza sauti kimezimwa, akamtukana Desailly kwa rangi yake. Ikasikika hadi Mashariki ya Kati, akajiuzulu.

Msicheke sana lakini. Sisi vibandani si ndio tunaopiga kelele "mpe chotara!", "yule Mwarabu kachoka!"? Eti hatuna ubaya. Neno "zeruzeru" nalo tulilitamka miaka nenda rudi bila ubaya, mpaka wenyewe wakatuambia linawaumiza. Leo tunasema watu wenye ualbino, na Kiswahili hakijafa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nyumbani kwako na rafiki yako, iteni mnavyoitana, FA haiwahusu. Ila ukishika kipaza sauti au filimbi, unasema na watu ambao hukulelewa nao. Mchezaji ana jina, na kama hulijui ana namba mgongoni. Ukiziruka zote mbili ukaenda kuchukua ngozi, huo si utamaduni, ni uvivu.

Naomba kutoa hoja. Wa kupinga aje na hoja, asije na kamusi.