Mheshimiwa, tupe kadi, siyo funguo!

Ndugu msomaji, wewe kijana wa Tandika, Mbagala, Manzese na Tandale, bila shaka umewahi kuitwa kwenda kupiga makofi. Turubai limefungwa, spika mbili zinakoroma, watoto yatima wamevalishwa fulana mpya, na mbele yao limeegeshwa Harrier lenye utepe mwekundu kwenye boneti. Mheshimiwa anashuka kwenye shangingi lake jipya, anakabidhi funguo za Harrier kuukuu, kamera zinamulika, anaondoka. Wewe unabaki na soda ya moto. Yatima wanabaki na gari.

Je, umewahi kurudi pale baada ya miezi sita?

Sisi tulirudi. Kituo chenyewe kiko Temeke na hatutakitaja jina, maana mama mlezi alituomba hivyo. Bado anahitaji hisani za wakubwa. Gari ni lile ambalo kijiweni mnaliita "tako la nyani", namba B, injini ya lita tatu. Si gari baya hata kidogo! Toyota ilianza kuuza Harrier huko Japani mwaka 1997, na Wamarekani wenye nazo wakaliendesha kwa jina la Lexus. Viti vya ngozi, kiyoyozi, redio inayoongea Kijapani. Lakini linabeba watu watano, dereva akiwamo, na kituo kina watoto zaidi ya thelathini. Siku ya kliniki wapande kwa zamu?

Mama mlezi alitusimulia taratibu, bila kumlaumu mtu. Wiki ya kwanza walilipeleka hospitali mara mbili. Wiki ya tatu taa ya injini ikawaka. Fundi wa Gerezani akataja bei ya kifaa, mama akapiga hesabu ya unga na maharage ya mwezi, akamwambia fundi afunge boneti. Basi gari likalala. Akaona bora aliuze, anunue hata Noah iliyochoka, ambayo inabeba watu wanane. Dalali akaja, akalizunguka, akapiga teke tairi, akaomba kadi.

Kadi ina jina la Mheshimiwa! Simu ikapigwa kwa msaidizi wake. Jibu: Mheshimiwa yuko kwenye vikao. Wiki iliyofuata, vikao. Mwezi uliofuata, vikao.

Ndugu msomaji, aliyetoa funguo bila kadi hajatoa gari. Ameazimisha, tena ameazimisha mzigo. Machoni pa TRA mwenye gari ni yule aliyeandikwa kwenye kadi, naye akiamka vibaya kesho anaweza kulidai. Faini za trafiki zinafuata namba ya gari, lakini anayesimamishwa barabarani ni dereva wa yatima. Na zamani ilikuwa mbaya zaidi: mpaka bajeti ya mwaka 2017 ilipofuta ada ya leseni ya kila mwaka na kuihamishia kwenye mafuta, hata gari lililolala juu ya mawe lilihesabiwa deni. Kuna vituo vilivyopewa msaada wa deni!

Hivi tabia hii ilitoka wapi? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 wakubwa wakaenda kukutana Zanzibar, wakalegeza kamba. Mwaka 2000 ikaja sheria ya takrima, eti mgombea akikukirimu siyo rushwa, ni ukarimu wa Kiafrika. Watetezi wa haki za binadamu wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 vifungu hivyo vikatupwa nje. Takrima ikafa kwenye vitabu, lakini mtaani ikabadili nguo tu. Siku hizi inaitwa "kurudisha kwa jamii", na inapenda sana kutembelea yatima mwaka wa uchaguzi.

Wenzetu Marekani nao walipigwa changa la macho hivyo hivyo. Huko mtu akitoa gari kwa shirika la hisani hupunguziwa kodi, basi kila mwenye mkweche akawa anajipangia bei: gari la kutupa linaandikwa maelfu ya dola. Serikali ikashtuka. Sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kazi 2005, ikasema kwamba gari likidaiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola 500 na shirika likaliuza, mtoaji atahesabiwa fedha zilizopatikana kwenye mauzo, siyo ndoto zake. Mashirika mengi kule hayahangaiki kuendesha magari hayo. Yanayapeleka mnadani, yanachukua fedha.

Na hapa tumpe mtu haki yake, hata kama ni wa chama tawala. Novemba 2015 Rais Magufuli alikuta zimechangwa zaidi ya shilingi milioni 200 kwa ajili ya hafla ya kufungua Bunge. Akaamuru kiasi kikubwa kikanunue vitanda vya Muhimbili. Tuligombana naye kwa mengi, na tulikuwa na sababu. Lakini mgonjwa aliyekuwa amelala sakafuni aliona tofauti kati ya pilau na godoro.

Kwa hiyo mwenye Harrier lake na moyo safi, yuko Mbezi Beach au Masaki, hatumkatazi. Auze mwenyewe, mbele ya kamati ya kituo, fedha ziingie benki kwa jina la kituo. Kama ni lazima atoe gari lenyewe, wahusika waende naye TRA kubadilisha kadi kwanza, ndipo turubai lifungwe.

Na wewe kijana, ambaye gari hilo likizimika ndiwe unayeitwa kusukuma bure, siku ukialikwa usipige makofi kabla hujauliza kwa sauti: kadi iko wapi?

Tulipita Temeke tena juzi. Harrier liko pale pale nyuma ya jiko, tairi zote chini, kuku wa jirani ametagia kwenye kiti cha ngozi. Utepe mwekundu watoto wameufanya kamba ya kuruka. Mheshimiwa bado yuko kwenye vikao.