Bahari Yetu Inaanzia Dodoma



Tangu serikali ihamie Dodoma, familia nyingi za kisiwani zina mtu wao huko. Ukizungumza nao, husema wako mbali na bahari. Mimi sikubali.

Tazameni ramani. Mto Kinyasungwe hukusanya maji ya makorongo ya Dodoma, hupita Gulwe, huungana na Mkondoa na kuelekea Kilosa, mwisho huingia Wami. Nao Wami humwaga maji yake Bahari ya Hindi upande wa Saadani, ng'ambo tu ya Unguja. Kiangazi, makorongo mengi ni mchanga mtupu. Lakini mvua za Desemba hadi Aprili zikishuka, maji huwa na nguvu ya kusomba hata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Kinachobeba reli kitashindwa na tope lenye sumu?

Betri ya gari, na nyingi za sola, zina asidi na risasi, ile metali nzito. Ikipasuliwa nyuma ya gereji na maji yake yakamwagwa korongoni, risasi haiozi kama ganda la ndizi. Hushikamana na tope na kusafiri nalo, msimu hadi msimu, mpaka penye mikoko, kamba na samaki wachanga. Chaza na kombe hula kwa kuchuja maji, na metali hubaki ndani yao. Na nani huenda kuokota chaza maji yakitoka? Ni mama zetu na sisi.

Kwa mtoto, hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo, na mjamzito humpitishia aliye tumboni. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilidhuru mtaa mzima. Phyllis Omido alianza kupaza sauti baada ya mwanawe kuugua, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fidia hairudishi akili ya mtoto.

Na sisi tusijitoe. Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki. Tukioga, zebaki hiyo hufuata mfereji hadi baharini.

Kwa hiyo, mlioko Dodoma: betri mbovu ipelekeni nzima kwa mnunuzi, na fundi asiimwage uani. Mkikaa kwenye mikutano ya mtaa, daini pawepo mahali pa kukusanyia betri kabla mvua hazijaanza. Mji unajengwa upya. Hili si kubwa kuliko barabara.

Dini yetu imetufunza haki ya jirani. Jirani si wa ukuta kwa ukuta peke yake. Anayekaa chini ya mto wako, hata kama ni kisiwani, naye ni jirani, na maji unayomwachia ni amana.