Lamu si ya Mzungu Peke Yake

Kila msimu wa kaskazi ukiingia, magazeti ya ng'ambo huchapa orodha zao za mambo ya kufanya mtu anapokwenda likizo kisiwani, na Lamu haikosi humo. Orodha zenyewe zafanana kama pacha: panda jahazi jua likichwa, jilaze mchangani Shela, piga picha na punda, kula kamba. Sina ugomvi na mchanga wa Shela. Lakini azisomaye atadhani kisiwa kile kiliumbwa juzi kwa ajili ya mgeni, na wenyeji wake ni wachukuzi wa mizigo tu.

Nasi tuna sehemu yetu katika lawama hii. Ni wangapi kati yetu, watu wa Mombasa, Malindi au Vanga, waliokwenda Lamu kwa kustarehe tu, wakalala siku nne, wakatembea? Twaenda Maulidi, twaenda mazikoni, basi. Mwenye uwezo akitaka kupumzika hupanda ndege akaenda Dubai kuzunguka madukani, akarudi amechoka kuliko alivyoondoka.

Jambo hili si dogo, maana limekwisha kuiponza Lamu mara tatu mbele ya macho yetu. Mwaka 2011 watu wenye silaha waliwateka wageni wa Kizungu Kiwayu na Manda. Mwaka 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni, watu zaidi ya 60 wakafa, na amri ya kutotoka nje usiku ikafuata. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Kila mara serikali za Ulaya ziliwakanya raia wao, vyumba vikabaki vitupu, na nahodha wa mashua akakaa gatini akihesabu mawimbi. Mji wenye umri wa karne nyingi umefanywa utegemee chakula chake kwa hofu au utulivu wa moyo wa mtu aliye London! Lau wageni wa pwani hii wangekuwa na mazoea ya kwenda, nahodha yule asingekaa bure kiasi hicho.

Basi tukienda, tufanye nini? Kwanza tutembee Mkomani polepole, asubuhi, kabla ya jua kali. Tazama nyumba za mawe: daka la kupokea wageni pale mlangoni, boriti za mikoko, na ndani zile safu za zidaka zilizochongwa kwa chokaa. Nyumba hizo zilijengwa na watu waliojua joto, wakazielekeza na kuzipa kuta nene ili ndani kuwe na kivuli na stara. Mwaka 2001 UNESCO ililiingiza eneo hili katika orodha ya urithi wa dunia. Huko Shela, na hata Mkomani yenyewe, nyumba si haba zimenunuliwa na watu wa nje ambao huja kwa msimu, kisha milango ikafungwa. Simlaumu auzaye, ana watoto wa kusomesha na paa la kutengeneza. Ila mtaa wa nyumba zilizofungwa hauna wa kuijaza safu ya alfajiri.

Teremka Langoni ufike Msikiti wa Riyadha. Aliyeuanzisha, Habib Swaleh, alitoka Ngazija, akawafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwapa nafasi darasani. Siku za Maulidi utaona zefe, goma la fimbo, mashindano ya punda na ya madau. Lakini nenda pia siku zisizo na shamrashamra, ukae ukiwasikiliza wanafunzi. Ngome iliyo katikati ya mji, iliyomalizwa mwaka 1821, ilikuwa jela kabla ya kufanywa makumbusho. Yatosha saa moja.

Matondoni utawakuta mafundi wa vyombo na wasukaji wa mikeka. Ukitaka kofia ya kushona kwa mkono, ujue kwamba ni kazi ya majuma mengi, kwa hiyo usibishane bei kama ununuaye viazi. Na ulale kwa mwenyeji, ule mkate wa mofa uliookwa mtaani, ili fedha yako ilale kisiwani.

Mwenye siku zaidi na apande mashua ya Pate, maana huko ndiko ninakokusifu kuliko kote, na orodha za ng'ambo hazikutaji sana. Siyu ilikuwa na wanazuoni na wanakili wa Misahafu, na katika miaka ya 1840 ililirudisha nyuma jeshi la Seyyid Said. Pate yenyewe ndiyo iliyomliza Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi. Leo tumbaku yapandwa kati ya magofu ya majumba yale. Na Shanga, wachimbuzi wa miaka ya 1980 walikuta chini ya msikiti wa Ijumaa mabaki ya misikiti midogo iliyotangulia, wa kwanza wao ukiwa wa karne ya 8. Mtoto wa madrasa anayeambiwa kwamba Uislamu wa pwani ni wa kuazima majuzi, mpeleke asimame pale.

Usafiri una taabu yake. Kwa barabara utashuka Mokowe uvuke kwa boti, na njiani askari watakutaka kitambulisho zaidi ya mara moja. Msafiri kapunguziwa hata sala, seuze starehe. Chukua mizigo michache. Na kama wataka kuona Takwa kule Manda, muulize nahodha maji yajaa saa ngapi, kwa sababu mkono ule wa bahari ulio kati ya mikoko haupitiki maji yakitoka, na utarudi na tope magotini.