Simu inaonyesha mzee hajatembea? Kagua simu kwanza

Siku tatu mfululizo simu ya binti mmoja wa Kinondoni ilimwonyesha kitu kilekile: baba yake, mkazi wa Mbagala Kizuiani, hajapiga hatua hata moja. Jumatatu sifuri, Jumanne sifuri, Jumatano sifuri.

Saa janja ya kuhesabu hatua alimnunulia yeye mwenyewe, baada ya daktari kumshauri mzee atembee kila siku kwa sababu ya presha. Makubaliano yalikuwa mepesi. Mzee avae saa, programu kwenye simu yake ipokee hatua, na binti azione akiwa kwake. Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Jumatano hiyo jioni akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, mbona siku hizi hutembei?"

Mzee alikuwa anatembea. Kila alfajiri baada ya swala hutoka Kizuiani hadi Rangi Tatu na kurudi, kabla Barabara ya Kilwa haijachangamka na jua halijawa kali. Akamweleza hivyo. Binti akajibu kwamba saa inasema vingine.

"Kama saa inaaminika kuliko baba yako, ivae wewe," mzee akasema, akakata simu. Saa ikaingia kwenye droo ya kabati. Kesho yake hakwenda kutembea, wala keshokutwa.

Kifaa kilichonunuliwa ili mzee atembee sasa kimemkalisha, na yote kwa sababu binti aliichukua ile sifuri kama ushahidi. Haikuwa ushahidi wa kitu. Saa hizi hazihitaji simu wala bando ili kuhesabu. Ndani yake mna kihisi kidogo kinachotambua mwendo wa mkono, na hesabu hutunzwa mlemle ndani ya saa. Mzee anaweza kuiacha simu chini ya mto, akaenda Rangi Tatu na kurudi, na hatua zake zikawepo zote.

Ili zionekane Kinondoni, hatua hizo husafiri mara mbili. Kwanza hutoka kwenye saa kwenda kwenye simu ya mzee kwa njia ya Bluetooth, umbali wa mita kumi hivi, na kuta huupunguza. Kisha hutoka kwenye simu kwenda kwenye intaneti, na hapo ndipo bando linapohitajika. Safari moja ikikatika, mtoto aliye mbali hapati kitu.

Kujua ni ipi iliyokatika hakuhitaji fundi. Ifunguliwe programu kwenye simu ya mzee mwenyewe. Hatua zikiwepo pale lakini kwa binti hazipo, bando limeisha au data imezimwa. Zisipokuwepo hata pale, saa na simu haziongei.

Jumamosi bibi aliitoa saa kwenye droo akampa mjukuu wa darasa la sita aikague. Mtoto akafungua programu na kukuta imeandika kwamba mara ya mwisho ilipokea taarifa kutoka kwenye saa Jumapili usiku. Akanyamaza kidogo. Jumapili umeme ulikuwa umekatika, chaji ya simu ya babu ilikuwa ndogo, na ni yeye aliyezima Bluetooth. Tena aliona kwenye orodha kwamba programu ya saa inakula betri, akaizuia isifanye kazi pale isipofunguliwa. Babu haifungui programu hiyo kabisa. Hajui hata iko wapi.

Hiki ni chanzo kinachojirudia kwenye simu za Android: simu yenyewe, au mtu mwenye nia njema, hulaza programu ili kuokoa chaji. Dawa iko kwenye mipangilio. Iguswe sehemu ya programu, ichaguliwe programu ya saa, kisha kwenye betri iruhusiwe kufanya kazi bila vizuizi. Palepale zikaguliwe ruhusa. Simu zenye Android 12, iliyotoka mwaka 2021, na matoleo yaliyofuata huomba ruhusa ya vifaa vilivyo karibu. Za zamani kidogo hutaka ruhusa ya mahali, na wengi huikataa wakidhani wanafuatiliwa, kumbe bila hiyo programu haiwezi kuitafuta saa. Baada ya hapo saa iwekwe kando ya simu, programu ifunguliwe, na watu wasubiri. Siku kadhaa za hatua hazimiminiki kwa sekunde moja. Zikigoma, simu izimwe na kuwashwa, na saa vilevile.

Nyumba yenye simu nyingi ina mtego wake. Saa nyingi za aina hii hushikana na simu moja tu kwa wakati mmoja. Kijana akiijaribu kwenye simu yake "aone tu", inaweza kubaki huko, na simu ya mzee ikaitafuta mpaka ichoke.

La hatari ni haraka ya kufuta. Mafundi wengi wa mtaani, na watoto wote, wakikwama hukimbilia kuirudisha saa kama ilivyotoka dukani. Kufanya hivyo hufuta hatua ambazo bado hazijafika kwenye simu. Kuzima na kuwasha hakufuti. Hata kusubiri kuna mwisho wake: saa za Fitbit, kwa mfano, hutunza taarifa za dakika kwa dakika kwa siku 7, na jumla ya kila siku kwa siku 30.

Mjukuu hakufuta kitu. Aliwasha Bluetooth, akaondoa kizuizi, akaweka saa juu ya simu. Jumatatu ikaja na hatua 6,140. Jumanne 5,870. Jumatano 6,305. Alhamisi na Ijumaa zilibaki sifuri, na hizo zilikuwa za kweli.

Binti alikuwa amemwekea baba yake lengo la hatua 10,000. Namba hiyo haikutoka hospitali. Ilienea kutokana na kifaa cha Kijapani cha mwaka 1965, Manpo-kei, ambacho jina lake lina maana ya kipima hatua 10,000. Jumamosi usiku aliliondoa lengo hilo kimyakimya.

Jumapili asubuhi akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Haya, leo saa imesemaje?"