Sensa ilikukuta wapi?

Wiki hii nakuuliza swali moja tu, na ujibu bila kuzunguka: kwenu ni wapi? Usinitajie maskani ulipopanga chumba. Nimesema KWENU!

Mimi ukiniuliza najibu haraka: Ng'iresi. Kama hupajui, simama pale Mnara wa Saa, katikati ya Arusha, uutazame Mlima Meru. Una zaidi ya mita 4,500, wa pili kwa urefu hapa Bongo baada ya Kilimanjaro. Sasa shusha macho taratibu mpaka kwenye migomba iliyo chini ya msitu. Ndio kwetu hapo, kilomita kama 7 tu toka mjini, lakini kupanda kwake, we acha tu!

Jiografia yetu haina mambo mengi. Juu ni hifadhi ya msitu, huruhusiwi kulima. Chini ni jiji, nalo linapanda kila mwaka. Katikati ndio sisi Waarusha. Tunaongea Kimaa kama Wamasai, ila sisi ni watu wa jembe: migomba, kahawa, mahindi, maharage, na ng'ombe wawili watatu bandani. Upande huu wa kusini mvua ipo na udongo wa volkano unazaa. Nenda kule Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima, ukaone vumbi! Ndio maana huku watu wamebanana.

Babu alikuwa na shamba la kutosha, akawagawia watoto wake wa kiume. Dingi naye akakata kipande chake mara nne, maana vidume tuko wanne. Changu mimi, washikaji, ni mistari mitatu ya migomba. Dada zangu hawakupata hata mgomba mmoja, wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawapa haki sawa na sisi.

Mistari mitatu utaoa nayo? Nikashuka mjini, nikapanga Ngarenaro. Na siko peke yangu. Sensa ya 2012 ilikuta watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya 2022 ikakuta 617,631. Katika hiyo laki mbili na ushee iliyoongezeka, mmoja ni mimi.

Unajua sensa inakuhesabu pale ulipolala. Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022 nililala Ngarenaro. Nilipopanda kumsalimia bibi, akaniuliza, "Wewe wamekuandika huku?"

"Hapana koko, wameniandika mjini."

Akanitazama. "Basi kwenye hesabu ya kijiji haumo, layoni. Kilichobaki kinachokujua huku ni hiyo migomba."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa mwezi jana kanijia dalali. Kuna mtu wa mjini anataka kujenga, kaipenda hewa ya mlimani. Hela anayotoa inanunua bodaboda na chenji inabaki. Nilibakiza kidogo niseme ndiyo.

Kilichonizuia ni kitu nilichowahi kusoma. Wenzetu wa Uswisi, kila raia ana mji au kijiji chake cha asili, na kinaandikwa kwenye pasipoti yake. Hata kama hajawahi kulala huko siku moja, karatasi inasema yeye ni wa pale. Kwetu hakuna karatasi ya namna hiyo. Kwetu ni shamba. Ukiliuza, ukaulizwa kwenu ni wapi, utaonyesha nini?

Nimemwambia dalali aende kwingine. Halafu nikampigia simu dada yangu mkubwa. Jumamosi tunapanda wote kupalilia, na mistari mitatu tutagawana, ya kwake na ya kwangu. Kaka zangu watanuna. Wanune tu.

Haya, na wewe jibu: kwenu ni wapi? Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.